Ratiba Mpya ya Nyuzi Jazz

Kwa miaka tisa Dafroza Masatu alifanya kazi ya meneja wa bendi bila kuitwa meneja. Meneja alikuwa Bwana Clementi, mkuu wa utumishi wa kiwanda cha nguo pale Musoma, mtu mwema aliyependa kukaa meza ya mbele na ambaye mpaka anaondoka kazini hakuweza kutofautisha gitaa la solo na la rizimu. Dafroza alikuwa karani wake. Kibali cha afisa utamaduni alikifuata Dafroza. Lori la kiwanda aliliomba Dafroza. Enzi zile ambazo dukani hapakuwa na hata kipande cha sabuni, nyaya za magitaa alizitafuta yeye kwa watu wa magendo waliovuka kutoka Kenya, na mwimbaji akilewa Bunda, aliyemsaka vilabuni na kumpandisha garini alikuwa Dafroza. Bwana Clementi alisaini.

Kisha mambo yakageuka nchini. Maduka yakajaa, viwanda vikaanza kusimama. Kufikia katikati ya mwaka 1992 nusu ya mitambo ya kiwanda ilikuwa kimya kwa kukosa vipuri, na mitumba ilikuwa imetandazwa sokoni kwa bei ambayo hakuna mfumaji angeweza kushindana nayo. Wafanyakazi wakapunguzwa. Bwana Clementi akaenda, Dafroza naye, na wanamuziki wa Nyuzi Jazz, ambao kwenye vitabu vya kiwanda walikuwa wafumaji na mafundi umeme, wakaondolewa pamoja na idara zao. Vyombo vya muziki vikabaki stoo. Wakubwa waliobaki hawakujua wavifanye nini, wakakubali bendi iendelee kuvitumia, mradi awepo mtu mmoja wa kuvidhamini.

Dafroza alijitolea kuvidhamini. Lakini kabla ya kuweka jina lake kwenye karatasi alikwenda kwa wanamuziki kuomba kazi, kwa sababu aliona si sawa kujipa cheo ambacho hakuna aliyempa.

Walikuwa wakifanyia mazoezi uani kwa Mniko, mpiga dramu, huko Kamunyonge. Dafroza alisubiri wimbo uishe, akasimama.

"Nataka kuwa meneja wenu," alisema. "Si kusaidia. Kusaidia nimesaidia vya kutosha. Nataka hii iwe kazi yangu, niifanye mpaka nizeeke."

Mniko, Mkurya mrefu aliyekuwa na utani na kila mtu, akainua vijiti vya dramu juu. "Dada Dafroza, meneja anakuwaga na kitambi. Chako kiko wapi?"

"Kitakuja ukumbi ukijaa."

Wote wakacheka isipokuwa Apolinary. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi na mpiga solo, mtu wa makamo, Mjita kama Dafroza, na alipokuwa akifikiri alikuwa na tabia ya kufuta gitaa kwa kitambaa hata kama halina vumbi.

"Kuna Bwana Alfonce," alisema. "Ana hoteli Mwanza. Ananitaka mimi, Mniko na Renatus. Mshahara, chumba, vyombo vipya. Kuanzia Januari."

Renatus, mwimbaji, akatazama vidole vya miguu yake. Bila hao watatu Nyuzi Jazz isingekuwepo. Waliobaki walikuwa vijana wazuri wa kuitikia, basi.

"Umemjibu nini?" Dafroza akauliza.

"Nimemwambia nitamjibu Krismasi. Mimi Musoma napapenda, Dada. Nina nyumba hapa, watoto wako shule. Lakini sitaki kuzeeka napigia viti vitupu. Tukifika Krismasi bado tunapigia viti, tunakwenda."

"Na ukumbi ukijaa?"

"Ukijaa tutaongea."

Hivyo ndivyo alivyopata kazi, kwa majaribio. Dafroza hakuyaona kama matusi. Aliona ni mapatano ya haki, na yenye kipimo kinachoonekana kwa macho: viti vina watu au havina.

Mwanzo ulimdanganya. Mwezi Agosti aliipeleka bendi Bunda, na ukumbi ukafurika mpaka watu wakakaa madirishani. Wakulima walikuwa wametoka kuuza pamba. Malori yaliyoshusha marobota mjini yalirudi kijijini Nyamuswa usiku ule bila abiria, maana abiria walikuwa dansini. Kesho yake Mniko alimwita "Mama Meneja" njia nzima, kutoka Bunda hadi Musoma, na Dafroza akaamini kwamba kazi ni nyepesi.

Septemba wakapiga nyumbani Musoma. Siku aliipanga kama ilivyopangwa tangu bendi ianzishwe: Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara. Walikuja walimu wachache, mhasibu mmoja wa halmashauri na mkewe, na mlevi aliyedhani ni mkutano wa chama. Renatus aliimba macho yakiwa yamefumbwa, ambayo haikuwa kawaida yake. Apolinary alipiga kila noti kama ipasavyo, kisha akafunga gitaa lake.

Mjini kila mtu alikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa mamoja: disko. Watu sasa wanataka kaseti za kutoka nje, taa za rangi, na video. Dansi la bendi limepitwa na wakati, Dada, tafuta kazi nyingine. Dafroza hakubishana na mtu. Aliamini kwamba jambo linaloweza kuchunguzwa halifai kubishaniwa. Jumamosi iliyofuata alivaa gauni lake zuri, akalipa kiingilio na kuingia kwenye disko lenyewe. Taa za rangi zilikuwepo. Zilikuwa zikizunguka juu ya sakafu tupu, na kijana aliyekuwa akibadilisha kaseti alikuwa amelala kwenye kiti.

Basi watu hawakuwa wamehamia disko. Walikuwa mahali pengine. Lakini wapi, hilo hakulijua.

Oktoba akajaribu Butiama. Alikodi pikapu, akapeleka mabango mapema, akakubaliana na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Wanzagi, juu ya uwanja wa kupigia. Walipofika mchana wakakuta vijana wanabeba kuni na maturubai kuelekea kwenye boma moja juu ya kilima. Mzee mmoja wa ukoo mkubwa alikuwa amefariki alfajiri.

Mniko alikuwa ameshaanza kushusha dramu. "Rudisha," Dafroza akamwambia.

"Hata hatujaambiwa tusipige," Apolinary akasema.

"Ndiyo maana tunaacha sasa, kabla hatujaambiwa."

"Na mafuta ya gari?"

"Mafuta yameshaungua, Kaka Apolinary. Tukipiga leo, hatutapiga Butiama tena maisha yetu."

Aliwaongoza wote kwenda msibani. Wanamuziki wakakaa chini pamoja na wanaume wengine, na Renatus, aliyekuwa amevaa shati la jukwaani lenye kung'aa, akapewa shoka akapasue kuni. Mniko alinong'ona kwamba amewahi kuona mameneja wengi lakini huyu ndiye wa kwanza kuileta bendi kwenye matanga. Jioni, walipokuwa wakiaga, Mzee Wanzagi aliwasindikiza hadi kwenye gari.

"Mmefanya kiutu," alisema. "Njooni tena watu wakishamaliza kupanda. Muziki wenu hatuna ugomvi nao, mama. Siku ndiyo mbaya."

Njiani Dafroza alikuwa akiyapima maneno ya yule mzee. Bunda hawakujaza ukumbi kwa kuwa wanapenda muziki kuliko watu wa Musoma. Walijaza kwa kuwa pamba ilikuwa imeuzwa na shamba halikuwa na kazi. Butiama kila mtu alikuwa akingoja mvua na jembe liko begani, na hata bila msiba huenda bendi ingepigia nyasi. Kila mahali pana siku zake. Kwa hiyo Musoma nayo ina siku zake, na siku hizo, kwa vyovyote vile, hazikuwa zile za mshahara. Hata hivyo mwisho wa Oktoba bendi ilipiga tena Jumamosi ya mshahara, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umeshalipiwa. Viti vikasikiliza.

"Bado Novemba," Apolinary alimwambia, "na Desemba nusu." Hakusema kwa ubaya.

Novemba ilipokaribia kwisha Dafroza alishuka Mwigobero na mabango chini ya kwapa, ndoo ya gundi ya unga wa muhogo mkononi. Alitaka kubandika kwenye kuta za maduka yanayotazama mwalo, mahali mitumbwi inapotia nanga. Tangu aanze kazi kiwandani alikuwa akija Mwigobero kununua samaki tu, asubuhi, haraka haraka, akiwa ameziba pua. Alasiri ile alikuta mwalo umejaa watu. Wanaume walikuwa wakipakia nyavu, wakimimina mafuta ya taa kwenye karabai, wakisugua vioo vya taa kwa majivu. Wafanyabiashara kutoka Kenya na Zaire walikuwa wamekaa juu ya magunia wakingoja mzigo wa kesho. Wauza chai, wauza maandazi na wauza viatu vya mitumba walikuwa wakifanya biashara ambayo mjini kati haikuonekana mwaka mzima. Dafroza alitazama na kuelewa jambo moja la wazi: uhai wa mji ulikuwa umehama kutoka kiwandani, ukashuka hapa chini.

Alibandika bango la kwanza. Wavuvi wawili vijana wakasogea kusoma.

"Jumamosi gani hii, dada?"

"Hii inayokuja."

"Hii inayokuja tuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ziwani, wapi kwingine? Giza lote hili unaliacha liende?"

Mwenzake akacheka. "Labda hiyo bendi itufuate kwenye mtumbwi. Mpiga ngoma tunamweka karibu na karabai, dagaa waje wacheze."

"Wakicheza wataingia wavuni wenyewe!"

"Na wewe utaimba?"

"Mimi nitavuta kamba, kuimba kazi yake."

Wakaondoka wakitaniana. Dafroza alibaki amesimama, brashi ikidondosha gundi kwenye kiatu.

Alikuwa amelijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikikua, nuru hutapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina maana, na mitumbwi huvutwa nchi kavu. Kwao Majita, baba yake alilala nyumbani siku hizo tu. Posa zilipelekwa siku hizo, ugomvi ulisuluhishwa siku hizo, nyumba ziliezekwa siku hizo. Wavuvi wa sangara walikuwa na utaratibu wao, lakini wa dagaa, ambao ndio wengi, waliishi hivyo na wanaishi hivyo. Naye alikuwa ameingia ofisini, akapewa kalenda ya kiwanda, na kwa miaka yote hiyo akapanga dansi kwa tarehe ya hundi. Si yeye peke yake. Apolinary alikuwa mtoto wa mvuvi. Mpiga besi alikuwa mtoto wa mvuvi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini katika miaka ya neema dansi za mshahara nyingine zilifurika na nyingine zikadorora. Wakati ule kiwanda kiliwalipa watu wa kutosha kujaza nusu ya ukumbi, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuliza.

Alikwenda parokiani, kwenye kalenda ya misheni iliyotundikwa barazani, ile inayochora miandamo ya mwezi kando ya sikukuu za watakatifu. Aliikagua kuanzia Septemba. Mwaka huo ilikuwa imetokea kwamba siku za mshahara ziliangukia gizani, kila mara. Disko pia aliliona tupu kabla mwezi haujakua. Asingeweza kupanga vibaya zaidi hata kama angekusudia.

Alirudi akabandua bango lake, akaenda kwa mwenye ukumbi kubadilisha siku. Alichagua Jumapili ya kwanza ya Desemba, alasiri, dansi la mchana ambalo vijana waliliita bugi. Mbalamwezi ingekuwa karibu kukamilika. Ibada zingekuwa zimekwisha. Hata Wasabato, ambao Majita wako wengi na Jumamosi hawagusi kitu, wangekuwa huru.

"Wasabato hawachezi dansi," Mniko alimkumbusha.

"Hawachezi Jumamosi," Dafroza akasema.

Apolinary ndiye aliyekuwa mgumu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kitambaa kikipita na kurudi kwenye gitaa.

"Sisi ni bendi ya wafanyakazi," alisema.

"Wafanyakazi gani?"

Apolinary akaendelea: "Dada, baba yangu alinichapa kwa kasia siku nilipokataa kuingia ziwani. Nilikuja mjini nikajifunza umeme, nikajifunza gitaa. Sikutaka maisha yangu yaamuliwe na mwezi. Sasa unanirudisha nikawapigie wale wale."

"Sikurudishi majini. Nabadilisha ratiba."

"Watakuja na harufu zao."

"Watakuja," Dafroza akasema. "Mimi natafuta watakaokuja. Kaka, uliniambia kipimo ni viti. Hukuniambia nani akae."

Mniko akapiga dramu moja, *du*, kama hakimu anayefunga kesi. Apolinary akamtazama kwa hasira, kisha akacheka kidogo bila kupenda.

Likabaki suala la majina. Ilikuwa desturi ya Nyuzi Jazz, kama ya bendi zote, kwamba magitaa yakishachemka mwimbaji hutaja watu waliopo ili wasikie raha. Siku zote walitaja wakuu wa idara za kiwanda.

"Sasa nimtaje nani?" Renatus akauliza. "Mkuu wa ufumaji kahamia Shinyanga."

Dafroza alikuwa amelifikiria. Ukimtaja tajiri mwenye mtumbwi, atafurahi yeye, na vijana wake watasema huyu ameshapata vya kutosha. Ukiutaja mtumbwi, wote watasimama. Akamchukua Renatus wakatembea mwaloni kutoka mwanzo hadi mwisho, na Renatus, ambaye alikuwa na kichwa chepesi cha kushika maneno, akayashika majina yote yaliyochorwa ubavuni: Acha Waseme, Mapenzi ya Mungu, Mtoto wa Bukima, na mengine. Wangeitaja mitumbwi kwa mpangilio ule ule inavyolala ufukoni, ili mtu asiulize kwa nini fulani ametangulia.

Jumapili hiyo watu walianza kufika kabla vyombo havijafungwa nyaya. Walikuja wamenyoa, wameoga, mashati yamepigwa pasi, na harufu iliyokuwepo ilikuwa ya mafuta ya nazi na manukato ya Nairobi. Walikuja wanawake wanaoanika dagaa, kikundi kwa kikundi, wamevaa vitenge sare. Wale wafanyabiashara wa Zaire walikuja wakiwa wamependeza kuliko wanamuziki. Wimbo wa pili ulipoanza mwenye ukumbi alikwenda kuazima mabenchi kanisani. Bwana Alfonce naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Mwanza kwa pikapu nyeupe kutazama watu wake wa Januari, akakaa meza ya mbele na chupa ya soda, akitikisa mguu.

Renatus alipofika kwenye majina, ukumbi uliinuka. Kila mtumbwi ulipotajwa watu wake waliruka, wakapiga mbinja, wakaja mbele kucheza peke yao huku wengine wakiwapisha. Majina yalikuwa yamepita nusu wakati watu wa mtumbwi mmoja walipoingia katikati ya sakafu, wakasimama, wakakunja mikono. Waliokuwa wakicheza wakagongana nao. Mniko akapunguza, kisha akaacha. Magitaa yakafuata, na ukumbi ukanyamaza.

Aliyekuwa mbele yao alikuwa nahodha aitwaye Kija, mtu mfupi, mpana wa mabega. "Majina yameshapita pande zetu," alisema. "Hatukusikia Kazi ya Mikono. Mmetaja mpaka Acha Waseme, mtumbwi unaovuja!"

"Unavuja kwa kujaa dagaa!" watu wa Acha Waseme wakajibu kutoka nyuma. "Wa kwako unavuja kwa njaa!"

Wengine wakacheka, wengine wakaanza kusogea. Bwana Alfonce akashusha mguu. Apolinary alimtazama Dafroza, na Dafroza akaona waziwazi kwamba mambo yote, Musoma na Mwanza, yalikuwa yamesimama pale sakafuni pamoja na watu wale. Akavuka ukumbi.

"Shikamoo, nahodha," alisema, ingawa hawakupishana sana umri. "Mtumbwi wako uko wapi? Nimepita ufuko wote sikuuona."

"Uko kwa fundi. Unabadilishwa mbao."

"Basi kosa ni langu. Kwa fundi sikufika."

Kija alikunja uso. "Basi mtutaje sasa. Tena wa kwanza. Muanze upya na sisi."

"Hapana," Dafroza akasema.

"Hapana?"

"Wa kwanza ni yule aliye wa kwanza ufukoni. Nikimtoa nikakuweka wewe, hawa wote watakuja kusimama hapa kama ulivyosimama, na hakuna atakayecheza mpaka kesho. Nakupa wa mwisho. Renatus akishautaja mtumbwi wako, hakuna jina jingine. Litapigwa solo, gitaa peke yake, na watu watakwenda nyumbani na jina lako masikioni."

Kija akawageukia wenzake. Wakanong'onezana.

"Gitaa peke yake?"

"Peke yake."

"Refu?"

Hilo Dafroza hakuweza kuliahidi. Alimtazama Apolinary. Ukumbi mzima ukamtazama Apolinary, aliyekuwa amesimama na gitaa lake, mtoto wa mvuvi aliyekataa ziwa. Hakuwa na kitambaa mkononi.

"Refu," Apolinary akasema.

"Haya, mikono chini!" Kija akawaamuru watu wake, na Mniko akairudisha ngoma mahali ilipoachwa.

Solo lile lilikuwa refu kuliko wimbo wenyewe. Apolinary alilianza polepole, akalipandisha, akalishusha mpaka karibu lizimike, akalipandisha tena. Watu wa Kazi ya Mikono walicheza katikati kwa mstari, wakivuta kamba isiyoonekana, na wale wa Acha Waseme wakaingia kuwasaidia kuvuta. Dafroza alisimama kando ya mlango akihesabu mabenchi yapi yarudi kanisani. Alikuwa na furaha, na aliitambua kwamba ni furaha, ila hakuona sababu ya kuacha kazi ili aionyeshe.

Jua lilikuwa bado halijazama watu walipoanza kutoka. Bwana Alfonce alimfuata Apolinary jukwaani.

"Sasa nimejionea," alisema. "Krismasi ya nini tena? Nijibu leo leo. Januari mnakuja?"

Apolinary alikuwa akikunja nyaya. Aliikunja ile aliyoshika mpaka mwisho wake.

"Hayo ongea na meneja," alisema.

"Meneja yupi?"

"Yule pale, anayegombana na mwenye ukumbi."

Bwana Alfonce alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi na hakupoteza muda kushangaa. Alikwenda, akajitambulisha, wakakaa. Dafroza alimweleza jambo lilivyo. Bendi haihami. Siku za mbalamwezi ni za Musoma, haziuzwi. Lakini giza likiingia hapa hakuna wa kumpigia, na Bunda na Butiama wana majira yao. Hoteli yako, Bwana Alfonce, si ya wavuvi. Ni ya watu wa ofisini na wafanyabiashara, na hao mwezi hauwahusu. Siku za giza naweza kukuletea Nyuzi Jazz nzima, ikiwa utatoa malazi na usafiri.

"Nilitaka watu watatu," Bwana Alfonce akasema, "wewe unanipa wote, nusu nusu."

"Watatu bila wengine si bendi. Utanunua na kuanza kutafuta upya."

Akacheka. "Wewe ulikuwaga wapi siku zote?"

"Ofisini," Dafroza akasema.

Wakakubaliana. Ila kwa Renatus Bwana Alfonce hakulegea, na Dafroza alimwambia amuulize mwenyewe. Renatus alikuwa kijana, hajaoa, na Mwanza ni mji mkubwa. Alisema angependa kwenda. Dafroza hakumlaumu wala hakumbembeleza. Alimwomba tu abaki mpaka baada ya Krismasi, naye akabaki, akaimba vizuri mpaka siku ya mwisho. Mahali pake alipatikana Nyamburi, msichana aliyekuwa akiongoza kwaya Nyamuswa, mwenye sauti iliyofika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti na baba ambaye Dafroza alilazimika kumtembelea mara kadhaa kabla hajaridhia.

Mbalamwezi ya Januari ilikamilika Ijumaa, dansi likapangwa Jumapili iliyofuata. Siku mbili tatu kabla yake Nyamburi alihitaji kufundishwa majina ya mitumbwi, na Apolinary akasema atampeleka mwenyewe. Alivua viatu, akakunja suruali, wakatembea kandokando ya maji. Wazee waliokuwa wakishona nyavu wakamuuliza yeye ni wa nani. Akawaambia, na ikatokea kwamba wawili walimfahamu baba yake, na mmoja alikumbuka habari ya kasia, akaisimulia kwa sauti kubwa mpaka mwalo mzima ukacheka, na Apolinary pamoja nao.

Dafroza hakuwepo kusikia. Alikuwa upande wa pili, kwa fundi, akisoma mbavu za mitumbwi iliyopinduliwa.